Siku Papa alipompisha Mama kigoda mbele ya waasi, kule Kisangani

Wakuu, habari za humu. Walio wakubwa kwangu shikamooni, ingawa nikiona mnavyobishana kuhusu mpira sidhani kama mpo wengi.

Akaunti hii alinifungulia mjukuu wangu, na yeye ndiye ananisaidia nikibonyeza kusikobonyezwa. Kwa kawaida mimi ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, nalala.

Lakini wiki iliyopita kuna mwenzetu alileta uzi. Ana kazi nzuri, nyumba nzuri, mke msomi, na mama yake mzazi ametoka kijijini kuja kukaa naye. Wageni wakija, mama anakulia chumbani. Akauliza kuna ubaya gani, mbona mama mwenyewe hajawahi kulalamika?

Watu walimshukia kama mvua. Mimi sikuandika kitu. Nilizima simu nikakaa barazani mpaka chai ikapoa, kwa sababu kwenye ule uzi nilimwona Papa, yaani baba yangu, mzima mzima.

Ndiyo nikasema niwaletee hii. Sitatia chumvi, chumvi yenyewe daktari amenikataza. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, na ya kusimuliwa na Mama nitasema ni ya Mama.

Tuanze.

Mimi sasa ni mtu wa Kigoma. Nimeolewa huku, nimezeekea huku. Ila nimezaliwa Kisangani, Kongo, enzi za Wabelgiji. Kwenye ramani mji ulikuwa na jina la Mzungu, lakini sisi tulisema Kisangani tu.

Mkiniuliza mji ulikuwaje, nitawaambia kwanza sauti. Maporomoko ya mto yalikuwa yananguruma kwa mbali mchana na usiku, mpaka unafika mahali huyasikii tena. Nilipohamia Kigoma sikupata usingizi siku za mwanzo. Nilikuwa nalala najiuliza ni kitu gani kimezimwa.

Halafu ukungu. Asubuhi ulikuwa unapanda kutoka mtoni, unapita kwenye miembe ya barabarani, unaingia mpaka uani kwetu. Unamsikia mtu anakusalimu, humwoni. Utoto wangu wote naukumbuka hivyo, watu wanatokea kwenye weupe na kurudi kwenye weupe.

Papa alikuwa karani kwenye ofisi ya meli za mtoni. Kwao ni Yanonge, ukishuka na mto kutoka mjini. Wazazi wake walikuwa wavuvi. Mapadri walimchukua akiwa mdogo, wakamfundisha kusoma, na kutoka hapo hakushika tena nyavu.

Mama alikuwa binti wa mjini, wa zile familia za Waislamu wa zamani, mafundi na wachuuzi. Kwao wanaume wanakula kwenye sinia lao barazani, wanawake kwenye lao ndani. Hakuna aliyewahi kuona mke na mume wanakula wanatazamana.

Sasa naomba mnielewe hapa, maana ndipo kila kitu kilipoanzia.

Wabelgiji walikuwa na tabaka la Waafrika waliowaita évolués, yaani watu "walioendelea." Ukitambuliwa unapata heshima kidogo: mshahara mzuri zaidi, nyumba ya matofali, unaitwa Monsieur. Lakini kusoma peke yake hakukutosha. Walikuwa wanakuja nyumbani kwako kuangalia unavyoishi. Wanaangalia kitanda, choo, mapazia. Na wanaangalia mnavyokula.

Yaani utu wako unapimwa mezani.

Kwa hiyo Papa akanunua meza. Meza nzito, nyeusi, watu wanne hawaibebi bila kutukanana. Na viti. Na vijiko, visu na kanya, ndivyo tulivyoziita uma. Tukafundishwa kushika kanya kwa mkono wa kushoto, kutofungua mdomo ukiwa na chakula, na kusubiri.

Na jambo kubwa kuliko yote: Papa alijifunza kumvutia Mama kiti. Alimwona bosi wake akimfanyia hivyo mke wake. Anasimama nyuma ya kiti, anakivuta, anaweka mkono juu ya mgongo wa kiti, anasubiri mpaka Mama akae, ndiyo na yeye anaenda kwenye cha kwake.

Mama alisema mara ya kwanza alikimbilia jikoni. Aliona anadhihakiwa. Dada zake waliposikia walicheka wiki nzima.

"Alors bwana yako anakuwa boyi yako?" walimwambia. Boyi ni mtumishi wa nyumbani.

Lakini Papa aliendelea. Mchana anavuta kiti, jioni anavuta kiti. Wageni wawepo wasiwepo. Mama aliniambia uzeeni, "Mwanzo alifanya kwa ajili ya Wazungu. Kisha akasahau Wazungu."

Hayo ndiyo mazuri ya tabaka letu, na siyakatai. Sijawahi kuona mwanamume mwingine mtaani kwetu akimsubiri mke wake akae.

Mabaya yake ni Koko.

Koko ni bibi, mama yake Papa. Alikuja kukaa nasi tulipozaliwa, mimi na kaka yangu, kwa sababu tulizaliwa mapacha. Kwa Papa tulikuwa Jozefu na Jozefina. Kwa Koko tulikuwa Mbo na Mpia, majina ya mapacha ya kule mtoni. Mimi ndiye Mpia, niliyefuata.

Kwa watu wa Koko, mapacha si watoto hivi hivi tu. Mgeni mkubwa akiingia nyumba yenye mapacha anawasalimu wao kwanza, na anawapa kitu. Na atakachompa huyu ampe na yule, sawasawa, kisizidi wala kisipungue. Ukimpa mmoja ukamruka mwingine umeleta balaa ndani ya nyumba.

Tena kuna nyimbo zake. Nyimbo za mapacha zina matusi, wakuu. Wazazi wa mapacha wanaimbiwa mambo ya chumbani mchana kweupe, na wao wanatakiwa kuitikia na kucheza. Ndiyo heshima yao.

Papa alipiga marufuku. Alisema ni mambo ya basenji, yaani washenzi. Koko akanyamaza. Alikuwa analala kwenye mkeka chumba cha nyuma, anakula jikoni, anavuta kiko chake uani. Mezani hakuwahi kukaa. Hata hakuna aliyemkataza, ilieleweka tu.

Ila sisi tulikuwa tunatoroka kwenda kula kwake. Lituma, ndizi zilizopikwa zikapondwa na kukandwa mviringo, zingali moto, pamoja na samaki aliyechomwa ndani ya majani. Tulikula kwa mkono mpaka viwikoni. Naandika hapa na harufu naisikia.

Siku ya Wazungu kuja kutukagua, nyumba ilinukia nta ya sakafu. Walikuja Mundele mmoja, ndivyo walivyoitwa Wazungu, na Madame wake. Wakaangalia kitanda, wakaangalia choo, wakaketi mezani. Papa akamvutia Mama kiti. Madame akatabasamu. Kila kitu kilikuwa kinaenda vizuri.

Sisi watoto tulikuwa nyuma na Koko, anatuvalisha. Papa alijua anatuvalisha mashati meupe.

Alituvalisha kweli. Akaongeza udongo mweupe kwenye paji la uso, majani shingoni, akachukua mkebe wenye mawe ndani, akatutanguliza mbele na kuingia nasi sebuleni akiimba.

Alitupeleka moja kwa moja kwa Madame. Akasimama, akanyoosha mkono.

Namkumbuka vizuri, alikuwa amevaa kitenge chake cha kutokea. Hakuwa anaomba. Alikuwa anampa mgeni nafasi ya kufanya adabu.

Madame alicheka akapiga makofi, akauliza kama anaweza kutupiga picha. Mundele hakucheka. Alijifuta mdomo, akaweka kitambaa mezani. "Bon," akasema. "Tutaona."

Walipoondoka Papa alisimama mlangoni muda mrefu bila kugeuka.

"Mama, umeniua," akamwambia Koko.

"Nilitaka bageni baheshimu nyumba yako," Koko akajibu. "Banaingia nyumba ya mapasa na mikono ya bure?" Mapasa ndiyo mapacha.

Mtumbwi uliofuata wa kwenda Yanonge, Koko alikuwamo. Asubuhi ya ukungu. Tulisimama ufukweni mimi na Mbo. Kwenye mtumbwi mtu anakaa akitazama mbele, kwa hiyo tuliuona mgongo wake tu, halafu ukungu ukamchukua pamoja na kiko chake.

Nililia mpaka nikatapika. Papa alininunulia mdoli.

Mundele alirudi baadaye, akaridhika. Papa akawa Monsieur rasmi. Nyumba ikanyamaza. Ndugu wa Papa wakija kutoka mtoni walipita mlango wa nyuma, wanaacha samaki wa moshi aliofunga Koko kwenye majani, wanapewa chumvi na sabuni za kumpelekea, wanaondoka. Hivyo ndivyo Papa alivyokuwa mwana kwa mama yake, kwa mlango wa nyuma.

Kisha uhuru ukaja.

Siku hizo nazikumbuka kama ndoto ya mtu mwenye homa tamu. Bendera, ngoma, watu wasiojuana wanakumbatiana barabarani. Wazungu wengi wakafunga mizigo. Papa akapewa kiti cha bosi wake, na nyumba yenye veranda karibu na mto. Ile meza ikahamishwa, na matusi yake.

Tulidhani sasa wote tumekuwa sawa. Nilimuuliza Papa, kwa kuwa Wazungu hawapo tena wa kukagua, Koko anarudi lini? Akasema, "Bientôt." Yaani karibuni. Karibuni hiyo haikufika.

Kumbe waliokuwa wanakagua hawakwisha. Walibadilika sura. Sasa walikuja wakubwa wenzake, weusi kama sisi, na wake zao, na wao nao wanatazama kanya inashikwa vipi.

Na watu wa mtaani, wa upande wa pili wa mji, walikuwa wanatutazama pia. Uhuru wao ulikuwa wapi? Bei zinapanda, mishahara hawapati, na karani amehamia nyumba ya Mzungu. Nilikuwa mtoto lakini niliona yale macho sokoni.

Ndipo ukaja uasi.

Sitaeleza siasa, humu mtachapana. Nitasema tu kwamba waasi waliuteka mji, na waliokuwa wanawatafuta ni watu kama Papa. Wenye tai. Makarani. Waliokaa viti vya Wazungu. Jirani yetu mmoja alitoka kununua mkate hatukumwona tena. Mwingine alichukuliwa akiwa bado na kitambaa cha mezani shingoni.

Papa alichimba shimo bustanini akazika tai zake, miwani yake na zile kanya zote. Halafu alfajiri walikuja wale wale ndugu wa mtoni, kwa mlango wa nyuma. Safari hii tulitoka sisi kwa mlango huo.

Mto ulikuwa mweupe wote. Tulilala chini ya nyavu zinazonuka samaki, nasikia kasia linaingia majini polepole. Mama ameshika mdomo wangu kwa kiganja chake. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Nilikuwa najiambia moyoni, naenda kwa Koko, naenda kwa Koko.

Alikuwa amesimama ufukweni kama vile hajatoka hapo tangu siku ile.

Hakusema lolote la zamani. Alimtazama Papa miguu. "Miguu yako iko ya viatu," akasema, akacheka mpaka kiko kikamdondoka. Akampa suruali kuukuu ya marehemu babu, akamsuguisha viganja kwenye kamba za nyavu mpaka vikachubuka. Akamfundisha kuchuchumaa upya, mtu mzima na kitambi chake.

Kwa kijiji kizima, Papa alikuwa mvuvi aliyerudi nyumbani. Hakuna aliyetuuza. Hilo naliweka wazi hapa, wale ndugu wa mlango wa nyuma hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Tuliishi hivyo siku nyingi. Kula chini, kulala chini, kuamka na ukungu. Mimi na Mbo tulikuwa peponi. Papa alikuwa anajifunza kuwa mtoto wa mama yake, na alikuwa mwanafunzi mzito.

Siku waliyokuja ilikuwa mchana, jua limetulia, kuku wamelala. Mitumbwi ikagusa mchanga. Vijana wenye majani kichwani na bunduki, wanarushiwa maji ya dawa na mganga wao ili risasi zisiwaingie. Wale walikuwa na miiko mingi kuliko mapadri: wasishikwe mkono na mtu, wasile cha mwanamke fulani, wasiangalie nyuma. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima kidogo, mwembamba, sauti ya chini.

Alisema wana njaa. Na alisema amesikia kuna karani kutoka mjini amejificha huku ukanda wa Yanonge.

Koko akasema karibuni, chakula kipo.

Wakaketi kwenye kivuli cha banda la nyavu. Papa akawekwa nao, kwenye kigoda, kama mwenye nyumba. Chungu katikati. Mimi na Mbo tulikuwa mlangoni kwa Koko. Nilimwona Papa amekikalia kigoda vizuri, mikono imechubuka vizuri, suruali ya babu, kimya. Hata mimi ningesema ni mvuvi. Ilibaki wanawe mikono, wale, waende.

Mama akatoka jikoni amebeba bakuli la maji ya kunawa.

Na Papa akasimama.

Wakuu, mpaka leo nikifumba macho namwona. Alisimama, akakitoa kigoda chake, akakiweka nyuma ya Mama, akarudi hatua moja, akaweka mkono pale ambapo mgongo wa kiti ungekuwapo. Kigoda hakina mgongo. Mkono ukabaki hewani umeshika kisichokuwepo. Akasubiri Mama akae.

Hakufikiri. Mwili wake ndio uliofanya. Miaka yote ile ya kuvuta kiti, kila mlo, mpaka ikaingia kwenye mifupa.

Na Mama naye, kwa mazoea yale yale, akakaa.

Niliona Papa anaushusha ule mkono taratibu. Alikuwa ameelewa.

"Éé," akasema yule mkubwa, na kwao bibi ni mke. "Mutu gani anasimama juu ya bibi yake? Mutu gani anapatia bibi kiti, yeye mwanaume anasimama?"

"Hii ni mambo ya baclerc," akaendelea, yaani makarani. Akaweka mkono kwenye bunduki, bila haraka. "Weye ni karani."

Sijui Koko alipita wapi. Ninachojua ni kwamba nilishikwa paji la uso na vidole vyenye udongo mweupe, na Mbo hivyo hivyo, na majani yakatua shingoni kwetu, na mkebe ule ule wa mawe ukaanza kulia nyuma yetu. Akatutanguliza mbele kama siku ile ya Madame.

"Karani wapi!" akafoka. "Weye mutoto ya nani, unaona mama ya mapasa na haujui kitu? Kwenu hakuna mapasa? Baba ya mapasa anaweza kukaa mbele mama ya mapasa hayakaa? Unataka batoto bakufe?"

Huo mwiko, wakuu, wa baba wa mapacha kutokaa kabla ya mama yao, haupo. Nimeuliza wazee wa kule kwa miaka, haupo. Koko aliutunga pale pale akiwa anatembea.

Yule mkubwa akatutazama. Akamtazama Papa. "Kama iko baba ya mapasa," akasema polepole, "aimbe."

Papa? Papa aliyepiga marufuku? Aliyesema ni basenji? Maisha yangu yote sijawahi kumsikia hata akipiga mluzi.

Koko akaanzisha wimbo. Ule wa matusi zaidi.

Na Papa akaitikia.

Alikuwa anaujua wote. Kila ubeti, kila tusi, na pale pa kujibu, na pale pa kutikisa kiuno. Alianza kwa sauti ya kukwama, kisha ikatoka, sauti nzito ya mtoni ambayo sikujua anayo. Akacheza. Akamzunguka Mama kwenye kigoda akimwimbia mambo ambayo siwezi kuyaandika humu, moderator atanifungia. Machozi yanamtoka na anacheza. Wale vijana wakaanza kucheka, kisha kupiga makofi, kisha kuitikia, maana na wao walikuwa na Koko zao.

Mama alikaa tuli na bakuli lake la maji mapajani.

Wimbo ulipoisha, Koko alisimama mbele ya yule mkubwa. Akanyoosha mkono.

Jamani. Mkono ule ule.

Yule bwana akajipapasa. Akatoa kipande cha sabuni mfukoni, sabuni wakati huo ni mali. Akampa Mbo.

"Moja hapana," Koko akasema. "Mapasa ni mbili."

Alikuwa na hicho tu. Akapiga goti mchangani, akatoa kisu, akakata ile sabuni katikati. Akavilinganisha vipande kwenye viganja. Kimoja kilizidi kidogo. Akakikwangua pembeni, akalinganisha tena, amekunja uso kama mtu anayesoma. Ndipo akatupa, mkono huu kwangu, mkono huu kwa Mbo, kwa pamoja, bila kutugusa.

"Mutusamehe," akatuambia. Sisi, watoto. Kisha wakabeba samaki, wakarudi kwenye mitumbwi, wakaenda zao.

Papa alikaa chini kwenye mchanga. Koko akamletea lituma. Akala kwa mkono, analia, na Koko anamfukuzia nzi.

Ningependa niishie hapo, wakuu. Ingekuwa stori nzuri. Lakini niliahidi ukweli.

Vita vilipopita tulirudi mjini, na Koko safari hii tulirudi naye. Viti vyote vilikuwa vimechomwa kuni, meza ilikuwepo, naamini ilimshinda mtu kuibeba. Tulikula kwenye mkeka pembeni ya ile meza, wote, pamoja na Koko. Hicho ndicho kipindi kitamu kuliko vyote cha maisha yangu.

Papa akarudishwa kazini. Akapanda cheo. Viti vikanunuliwa.

Alimwita Koko mezani, hilo alifanya. Koko akaja, akakaa kwenye kiti alichovutiwa, kanya mkononi kama kijiti cha kuchokonolea. Siku hiyo kulikuwa na mkubwa wa Papa na mke wake. Yule mama alimtazama Koko anavyotoa mfupa wa samaki mdomoni kwa vidole, akageuza macho dirishani. Ni hilo tu, kugeuza macho. Papa aliona. Koko aliona kuwa Papa ameona.

Wageni waliofuata, Koko alikuwa jikoni. Hakuna aliyemwambia aende.

Nilimchukia Papa kwa hilo, nasema wazi. Mtu amekuokoa roho, unamrudisha jikoni?

Ila kuna kitu alikifanya, na nilikua ndipo nikakielewa. Kila wageni walipokuja, Papa akiwa amevaa tai, kabla hajaketi alikuwa anatoka nje kwenda jikoni. Anachuchumaa karibu na Koko. Koko anamkatia tonge la lituma kwa mkono wake, anamlisha. Anatafuna, ananawa, anarudi kwa wageni, anamvutia Mama kiti, anashika kanya.

Hakuwa na ujasiri wa kumleta mama yake mezani. Na hakuweza kula kabla yake. Akaishi hapo katikati mpaka mwisho.

Jambo lingine. Tulipofika umri wa sekondari Papa alisema atamsomesha Jozefu, msichana anatosha kujua kushona. Ndivyo wakubwa wenzake walivyofanya. Koko aliingia sebuleni, peke yake, bila kuitwa, akasimama mbele ya meza.

"Moja hapana," akasema.

Papa hakubishana. Tulisoma wote wawili. Ndiyo maana bibi yenu anaweza kuwaandikia uzi.

Koko alifariki mimi nikiwa tayari mtu mzima. Baada ya matanga kuisha wakaja wageni wa kazini kwa Papa kutoa pole, mezani pameandaliwa. Papa akatoka nje kama kawaida yake. Tukasubiri. Wageni wakaanza kutazamana.

Nikamfuata. Alikuwa amechuchumaa karibu na mafiga, na tai yake, mbele ya kigoda kitupu cha Koko. Mdomo umefunguka kidogo, kama mtoto anayesubiri kulishwa.

Mama akanipita mlangoni. Akamshika mkono, akamwinua, akamfuta vumbi magotini, akamrudisha ndani mbele za watu wote. Akasimama nyuma ya kiti cha Papa, akakivuta, akaweka mkono juu ya mgongo wake, akasubiri mpaka Papa akae.

Hiyo ndiyo stori yangu.

Nilichojifunza ni kwamba tabaka halikai benki wala kwenye nyumba ya matofali tu. Linakaa pale pa kula. Linaamua nani anamtazama nani, na nani anaelewa bila kuambiwa kwamba nafasi yake ni jikoni. Kwa hiyo yule mwenzetu anayesema mama yake hajalalamika, ndugu yangu, Koko naye hakuwahi kulalamika hata siku moja.

Kipande changu cha sabuni ninacho mpaka leo, kimekuwa kama jiwe. Cha Mbo alizikwa nacho.

Haya, uwanja ni wenu. Msimtukane mtu. Nijibuni moja tu, na kila mtu aseme kweli: wageni wakija kwenu, mama anakula wapi?